Kwa Nini Bapa la Turbini Huungua Upande Mmoja?

Ndugu msomaji, kama unakaa upande wetu wa mji, kwenye barabara ya kuelekea Kisumu, bila shaka umezoea kuinua macho. Ndege zinazotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret, ule uliofunguliwa mwaka 1997, husikika kabla hazijaonekana, na watoto wadogo hutoka mbio kuzipungia mikono. Mimi nilikuwa mpungaji hodari hadi darasa la sita hivi. Siku hizi sipungi. Ninasimama tu na kujiuliza: ndani ya ile injini, ni kona gani inayoungua sasa hivi?

Swali hili sikulipata kwa ndege. Nililipata kwa skonzi.

Mama huoka skonzi na kuzipeleka kwenye vibanda. Oveni yake ni ya makaa, sanduku la bati lenye kuta mbili lililoundwa na fundi wa jua kali. Makaa huwekwa chini, na mengine juu ya kifuniko. Katikati ya mlango fundi alitoboa tundu akachomeka kipimajoto alichokitoa kwenye jiko la umeme lililokufa. Mwezi wa Agosti mwaka jana nyanya alilazwa hospitalini, Mama akaenda kumwangalia, nami nikaachiwa kazi: skonzi 150 za harambee ya kanisa. Niliwasha makaa, nikangoja mshale ufike 180, nikaingiza trei, nikachukua kitabu changu. Niliutazama mshale kila baada ya kurasa mbili. Haukusogea hata kidogo, na mimi nikajisifu moyoni.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Kufungua mlango, skonzi za upande wa kushoto zilikuwa nyeusi ti! Za kulia zilikuwa nyeupe kama zilivyoingia. Kipimajoto bado kilisoma 180, kimetulia kama hakimu. Trei mbili ziliharibika, na pesa zile zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi, nayo ni salio la karo yangu. Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilikaa nyumbani siku nne.

Mama aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Uligeuza trei?"

"Kwa nini nigeuze, Mama, na moto ulikuwa 180?"

"Mia na themanini wapi?" akasema.

Sikuwa na jibu. Kumbe swali hilohilo, wapi, ndilo linalowanyima usingizi watu wanaounda injini za ndege.

Mwezi wa Desemba binamu yangu, anayesomea ufundi wa ndege huko Nairobi, alikuja likizo akiwa na kitu mfukoni kimefungwa kwa kitambaa. Lilikuwa bapa la turbini, chakavu, la kufundishia. Wengine huliita panga, kama tunavyosema mapanga ya feni, lakini hili halifanani na panga lolote. Lina urefu wa kidole changu cha kati, limepinda kama jani la mhindi, na kwenye ngozi yake kuna safu za vitundu vidogo mno. Nilichukua sindano ya Mama ya kushonea nikajaribu baadhi ya vitundu hivyo, na ni ncha tu iliyoingia. Upande mmoja, juu kidogo ya katikati, chuma kilikuwa kimeliwa na kuparara kama ukingo wa skonzi zangu. Sehemu nyingine zote za bapa zilikuwa safi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, nikamwambia binamu anieleze toka mwanzo.

Injini yenyewe si ngumu kuielewa. Mbele kuna kompresa, ambayo huvuta hewa na kuishindilia. Nyuma yake ni chumba cha mwako, ambamo mafuta hunyunyizwa na kuwaka bila kukoma. Gesi moto inayotoka hapo hupita kwenye turbini, yaani gurudumu lenye mabapa mengi kuzunguka ukingo wake, ikaizungusha jinsi upepo unavyozungusha kinu. Turbini nayo, kwa mhimili mmoja, huizungusha kompresa iliyo mbele. Hivyo injini hujilisha hewa yenyewe. Kuna wanaodhani ndege zenye rafadha, kama zile Dash 8 za Jambojet zinazokuja hapa kwetu, zina injini za pistoni kama za posho mill. La hasha. Nyuma ya ile rafadha kuna turbini vilevile. Tena ukisikia mtu akisema "turbini ya gesi", usifikirie gesi ya mtungi. Gesi inayotajwa ni ile hewa iliyochomwa, hata kama kilichochomwa ni mafuta.

Sasa twende kwenye joto. Katika injini kubwa za kisasa, gesi inayofika kwenye bapa la kwanza huwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi. Bapa lenyewe limetengenezwa kwa aloi ya nikeli ambayo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,300. Soma tena hapo, si makosa ya kupiga chapa. Chuma kinafanya kazi ndani ya moto uliozidi kiwango chake cha kuyeyuka, huku kikizunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika. Mzunguko huo hulivuta bapa moja kwenda nje kwa nguvu ya kama uzito wa lori lenye mzigo.

Halisalimiki kwa miujiza. Bapa lina uwazi ndani yake. Sehemu ya hewa iliyoshindiliwa na kompresa haipelekwi kuchomwa, bali hupitishwa chini kwa chini hadi kwenye shina la bapa, ikapanda ndani yake kwa njia zilizopindapinda kama uchochoro wa Langas, kisha ikatokea kwenye vile vitundu. Ikishatoka hujilaza juu ya ngozi ya bapa kama shuka, na gesi moto hupita juu ya shuka hiyo bila kukigusa chuma. Hewa hiyo tunaiita ya kupoza, lakini isikudanganye. Kushindiliwa kumekwisha kuipasha hadi nyuzi 600 hivi, zaidi ya mara tatu ya oveni ya Mama. Baridi na moto ni mambo ya kulinganisha.

Wazo la bapa lenye uwazi lina umri mkubwa kuliko nilivyodhani. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani walikuwa na injini iliyoitwa Jumo 004, na nikeli ilikuwa adimu kwao kwa sababu ya vita. Wakaamua kutumia chuma hafifu na kukipitishia hewa ndani. Injini hizo zilidumu saa 10 hadi 25 tu kabla ya kufunguliwa. Leo injini ya ndege ya abiria hufanya kazi maelfu ya saa bila kuondolewa kwenye bawa.

Hapa ndipo swali la Mama linapoingia. Nyuzi 1,500 wapi?

Chumba cha mwako kina vichomeo vingi vilivyopangwa kwa duara, kama mishumaa kwenye keki. Kila kichomeo hunyunyiza mafuta yake. Mbele ya kichomeo moto ni mkali, na katikati ya kichomeo na kichomeo umepungua. Tena hewa baridi huingizwa kandokando ili kuta za chumba zisiungue, kwa hiyo gesi ya katikati huwa na moto kuliko ya pembeni. Ongeza kwamba kichomeo kimoja kinaweza kushika masizi na kurusha mafuta upande, kama bomba la mvua bafuni ambalo matundu yake yamejaa chokaa. Gesi inapotoka humo haitoki ikiwa imechanganyika sawasawa. Hutoka na michirizi, hapa moto, pale moto zaidi.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua vichomeo 10. Tisa kati yao vinatoa gesi ya nyuzi 1,480 kila kimoja, na kimoja kibovu kinatoa 1,680. Jumlisha, ugawe kwa kumi. Utapata 1,500 kamili. Mshale utatulia pale unapotakiwa, rubani atakunywa chai yake, na bapa lililo nyuma ya kile kichomeo kibovu litakuwa linapikwa kwa nyuzi 180 zaidi. (Naapa namba hiyo ya 180 imejitokeza yenyewe kwenye hesabu.)

Wenzangu wa darasani walinipinga nilipowaeleza hivi. Mmoja alisema, "Lakini turbini si inazunguka? Basi kila bapa linapita kwenye moto na kwenye baridi, linapata wastani." Lo! Alikuwa amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote, kwa sababu kuzunguka ndiko kugeuza trei.

Ila si mabapa yote yanayozunguka. Kabla ya gurudumu kuna safu nyingine ya mabapa yaliyokazwa, yasiyosogea, ambayo kazi yake ni kuielekeza gesi ipige gurudumu kwa pembe inayofaa. Bapa la safu hii likipangiwa nyuma ya kichomeo kibovu, litakaa hapo maisha yake yote. Ni skonzi ya kushoto katika trei isiyogeuzwa. Ndiyo maana wahandisi wanapopima usawa wa moto hutumia vipimo viwili tofauti. Kwa mabapa yaliyosimama huuliza, ni wapi penye moto kuliko pote katika duara zima? Kwa mabapa yanayozunguka huuliza, ukienda kutoka shina hadi ncha, moto umepangika vipi?

Hilo la pili linahitaji maelezo. Ukigeuza trei, kushoto na kulia vinalingana. Lakini kama rafu ya juu ina moto kuliko ya chini, geuza utakavyogeuza, za juu zitaungua tu. Bapa la turbini nalo linazunguka, lakini ncha yake inabaki nje na shina lake linabaki ndani. Haviwezi kubadilishana nafasi. Mkanda wa moto ukipita katika urefu fulani wa bapa, utapita hapohapo katika kila mzunguko.

Na hapa nilishangaa, maana nilifikiri moto usio sawa ni adui siku zote. Wabunifu huufanya usiwe sawa makusudi! Shina la bapa ndilo linalobeba uzito wote wa kuvutwa nje, kwa hiyo hawataki lipate moto mwingi. Ncha nayo ni nyembamba na ni shida kuipoza. Basi moto mkali huelekezwa kwenye sehemu iliyo kama theluthi mbili kutoka shina, ambako bapa linaweza kuvumilia. Mama naye, nilipomweleza, alisema ndiyo sababu makaa ya juu huyaweka machache kuliko ya chini. Ati nilidhani ni ubahili wa makaa.

Kuna jambo jingine ambalo lile jibu la "linapata wastani" haliligusi. Bapa lina pande mbili, tumbo na mgongo. Gesi hulisukuma tumboni. Sasa, gesi yenye moto zaidi hutoka kwenye yale mabapa yaliyosimama kwa kasi zaidi kuliko gesi baridi. Fikiria mikokoteni inayopita mfululizo na watoto wanaoikimbilia kuisukuma. Wenye mbio huufikia mkokoteni ulio mbele yao na kuugusa kwa nyuma. Wazembe huachwa, na mkokoteni unaofuata huwakuta kwa mbele. Vivyo hivyo gesi yenye moto hulifikia bapa na kulipiga tumboni, na ile iliyopoa huangukia mgongo wa bapa linalofuata. Watafiti wa Marekani walilionyesha jambo hili kwenye jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 1989. Kwa hiyo hata katika gurudumu linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika, tumbo hupata moto kuliko mgongo. Kuzunguka hakusawazishi kila kitu.

Sasa hewa ya kupoza. Mtu anaweza kusema, "Basi ongezeni hewa, mambo yaishe." Kwanza hewa hiyo si ya bure. Kompresa imefanya kazi kuishindilia, na ikipelekwa kupoza haichomwi. Katika injini nyingi kubwa za leo, kama sehemu moja kwa tano ya hewa inayoingia kwenye kiini cha injini hutumika kupoza tu, na hayo ni mafuta yanayochomwa kwa ajili ya kulinda chuma. Pili, hewa ikitoka kwa nguvu mno haijilazi. Hurukia mbali na ngozi ya bapa kama maji ya mpira uliobanwa, na gesi moto ikaingia chini yake. Shuka imepeperuka! Hapo umeongeza hewa na bapa limezidi kuungua.

Tatu, na hili walimu wa fizikia watalipenda, kupoza visivyo sawa kunapasua. Mimina chai ya moto kwenye gilasi nene uone. Upande wa ndani unataka kutanuka, wa nje bado haujapata habari, na gilasi inapasuka. Bapa linapopata moto mwingi mahali pamoja na baridi nyingi sentimita moja tu kutoka hapo, chuma kimoja kinataka kutanuka na jirani yake anakizuia. Ndege ikiruka, joto linapanda. Ikitua, linashuka. Kila safari ni kuvutana na kuachiliana, hadi siku moja ufa mwembamba unatokea, mara nyingi kwenye ukingo wa kitundu.

Halafu kuna vumbi. Vitundu vile vina upana wa nusu milimita hivi, na vumbi jembamba linalovutwa na kompresa hupitia njia zilezile za hewa ya kupoza. Ndege zinazoruka kwenye nchi za jangwa, kama zile za Ghuba, hupata taabu zaidi, maana mchanga laini ukifika kwenye moto ule huyeyuka na kuganda kwenye bapa kama kioo. Kitundu kimoja kikiziba, sehemu iliyokuwa inafunikwa na shuka yake inabaki uchi.

Msomaji, huenda unasema nyuzi kumi hapa na kumi pale ni kitu gani mbele ya 1,500. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria inayotisha. Bapa likiwa tayari kwenye kikomo chake, kila nyuzi 10 hadi 15 zinazoongezeka kwenye chuma hupunguza maisha yake kwa nusu. Chuma chenye moto na kinachovutwa hurefuka polepole, nywele kwa nywele, na moto huharakisha kurefuka huko. Tuchukue mfano wa bapa linalopaswa kudumu saa 16,000. Lipashe nyuzi 15 zaidi, liwe la saa 8,000. Nyuzi 30, saa 4,000. Nyuzi 45, saa 2,000. Na usisahau kwamba hatusemi bapa zima limepata moto. Pakiisha mahali pamoja, bapa limekwisha.

Wala si hadithi za vitabuni tu. Tarehe 22 Agosti 1985, ndege aina ya Boeing 737 ya British Airtours ilikuwa ikikimbia ili iruke kutoka Manchester, Uingereza, kuelekea Corfu. Injini zake zilikuwa na makopo tisa ya mwako kila moja. Kopo moja la injini ya kushoto, ambalo joto lilikuwa limelichosha likapata nyufa na kuwahi kuchomelewa, lilipasuka, na kipande chake kikatoboa tangi la mafuta kwenye bawa. Rubani aliisimamisha ndege pale pale uwanjani, lakini watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi. Kabla ya siku ile ilikuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu za ndege kwamba injini hiyo inachelewa kushika kasi. Kopo si bapa, nakubali. Lakini ni nyumba ya moto uleule, nalo lilikufa kwa mahali pamoja.

Basi mtu anapimaje moto ambao hakuna kipimajoto kinachoweza kukaa ndani yake muda mrefu? Hupima nyuma ya turbini, ambako gesi imekwisha kupoa kiasi. Katika mitambo ya kuzalishia umeme, vipimajoto hupangwa kwa duara kuzunguka njia ya kutolea gesi. Kwetu Kenya tuna mitambo ya namna hii. Mwaka 2016 KenGen ilihamishia Muhoroni turbini za gesi zilizokuwa Embakasi, Nairobi, ili kuimarisha umeme wa upande wetu wa magharibi. Katika mitambo kama hiyo mwendeshaji hatazami wastani peke yake, hutazama pia tofauti kati ya kipimajoto kinachosoma juu kabisa na kinachosoma chini kabisa. Tofauti ikipanuka kupita kiasi, mtambo hujizima wenyewe hata kama wastani ni mzuri. Na kuna mtego. Gesi inapopita kwenye turbini huzungushwa, kwa hiyo kipimajoto kinacholalamika hakiko nyuma ya kichomeo kibovu. Fundi lazima apige hesabu kurudi nyuma, gesi ilijipinda kiasi gani, ndipo ajue kichomeo cha kufungua. Ni kama kusikia kelele za darasa la pili ukaadhibiwa darasa la tatu!

Nimalizie na uwanja wetu. Uwanja wa Eldoret uko yapata mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Wanariadha wanakuja kufanya mazoezi huku kwa sababu hewa yetu ni nyepesi. Injini nayo inapumua hewa hiyohiyo. Mita moja ya ujazo ya hewa hapa ina hewa pungufu ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Mwanariadha akiishiwa pumzi hupunguza mwendo, lakini ndege yenye mzigo haiwezi kupunguza mwendo katikati ya kuruka. Rubani anataka nguvu, injini ina hewa kidogo ya kufanyia kazi, na kinachopanda ni joto la turbini, hadi lifike kwenye kikomo kilichowekwa. Hapo haliruhusiwi kuzidi. Dawa yake ni kupunguza mzigo au kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na ndipo faida ya njia yetu ya kurukia, yenye karibu kilomita tatu na nusu, inapoonekana. Kwa hiyo ndege inayoondoka Eldoret ikiwa imejaa iko karibu sana na kikomo chake. Wastani ukiwa mbali na kikomo, mchirizi mmoja wa moto unaweza kusamehewa. Wastani ukiwa umekaa juu ya kikomo, mchirizi uleule utakuwa ng'ambo ya pili.

Mwezi wa Januari, siku moja kabla ya binamu kurudi chuoni na bapa lake, nilimwonyesha Mama. Fundi alikuwa amekwisha kutuongezea matundu mawili ya vipimajoto kwenye oveni, na mara ya kwanza tulipoiwasha tulisoma 205 kushoto, 180 katikati na 150 kulia. Kwa hiyo Mama alikuwa ameanza kunisikiliza kidogo. Aliligeuzageuza bapa mkononi, akagusa pale palipoliwa.

"Hawa nao hawakugeuza trei," akasema.

"Liligeuzwa, Mama. Mara elfu kumi kwa dakika."

Akanyamaza. Kisha akachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, akaanza kujaribu vile vitundu kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama anayechambua mchele. Mimi nilikuwa nimejaribu vinne au vitano tu nikaridhika. Yeye alipita safu nzima. Alipofika kwenye kitundu kilicho mbele tu ya pale palipoungua, akasimama, akabonyeza tena.

"Hapa haiingii," akasema.